Vigumba vya Kwemkole

Mzee Mhina Sadala alikuwa mkagua uzio. Kazi hiyo haipo tena huku kwetu, kwa hiyo nianze kwa kuieleza. Ranchi ya ng'ombe iliyokuwa kati ya Mkata na Kwamsisi ilizungushiwa seng'enge nyuzi nne, na seng'enge hukatika. Nyati hupita, mti huanguka, mwenye mbuzi hukata kwa makusudi ili mifugo yake ikanywe maji bwawani. Kila asubuhi Mhina aliondoka langoni na koleo, nyundo na mfuko wa misumari, akaufuata upande mmoja wa uzio mpaka mwisho, akirekebisha palipoharibika. Kesho yake upande mwingine. Alifanya hivyo miaka kumi na minane, chini ya setla aliyeianzisha ranchi, kisha chini ya serikali yetu.

Nguzo zilikuwa za mpingo. Kila nguzo ya kumi ilikuwa nene kuliko nyingine na imechimbiwa chini zaidi, kwa sababu ndiyo iliyovuta waya. Jambo hilo msomaji alikumbuke.

Mwaka 1956 Mhina alikuwa anabadilisha nguzo iliyovunjwa na nyati, upande wa mashariki, chini ya kilima kinachoitwa Kwemkole. Alipiga goti kwenye udongo alioutoa shimoni, akakatwa. Alipopapasa akatoa jiwe jeupe, refu kama kidole gumba, limechongwa pande zote mbili na kuchongoka mbele kama jani. Kilikuwa kigumba cha mshale, cha jiwe, cha wakati ambao watu hawakuwa na chuma. Aliniambia kwamba hakustaajabia umri wa jiwe lile, maana hakuujua. Alistaajabia kwamba lilikata.

"Mtu alilinoa," aliniambia. "Akafa yeye, makali yakabaki."

Alilipeleka kwa setla, akidhani atafurahi. Setla aliligeuza mara moja, akalirudisha. Alisema jiwe ni jiwe tu, kwamba yeye alipofika pale hapakuwa na watu, palikuwa na nyasi na mbung'o.

"Nikamwambia, Bwana, mbung'o hachongi jiwe," Mhina alisimulia, na kila aliposimulia hapo alicheka mpaka akakohoa. "Akanitoa ofisini."

Tangu siku ile akawa anainama. Mvua ikinyesha na kuosha ardhi, aliviona viking'aa kandokando ya uzio, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya ini, vingine vimevunjika nusu. Hakuwa amekwenda shule hata siku moja, lakini hakuviokota ovyo. Alisokota kamba ndefu ya katani, akaifanya iwe uzio wenyewe. Mwanzo wa kamba ulikuwa lango. Kwa kila nguzo nene alipiga fundo moja. Kigumba alichokiokota kati ya nguzo nene ya nane na ya tisa alikifunga kwa uzi kati ya fundo la nane na la tisa. Aliyeielewa kamba ile angeweza kutoka langoni, akahesabu nguzo, akasimama palepale jiwe lilipokuwa.

Kamba ilikaa imeviringishwa ukutani nyumbani kwake. Mkewe, Bibi Mashavu, hakuipenda.

"Wanaume wenzako wakitoka ranchi wanarudi na maziwa," alimwambia mbele za watu. "Wewe unarudi na kokoto. Nikupikie kwa nazi au kwa karanga?"

"Kwa nazi," Mhina alijibu.

Watu wakamwita Mhina Kokoto. Wengine walisema ni mganga anayeficha uganga wake. Yeye alikuwa na neno moja tu, na hilo ndilo lililomfanya avumilie. Katika kamba ile kulikuwa na mahali ambapo mawe yalisongamana kama samaki kwenye mtungo, kati ya fundo la kumi na nne na la kumi na sita. Mhina alikuwa na hakika kwamba pale watu walikaa. Walichonga pale, wakala pale, pengine wakazikana pale. Alitaka mahali hapo pasivunjwe. Hakutaka kitu kingine chochote kutokana na mawe yale.

"Sisemi ni Wazigua," alinieleza. "Sisemi ni babu zangu. Nasema ni watu. Mtu akikaa mahali, huendi kukanyaga bila kubisha hodi."

Mimi nilifika ranchi mwaka 1971. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na stashahada ya ualimu, na nilikuwa nimepewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Sitaki kuidharau kazi ile. Ilikuwa kazi njema na nchi iliihitaji. Tulisomea kwenye banda la kukamulia ng'ombe, saa kumi jioni, wachungaji, wakamuaji na wake zao, watu ishirini na sita. Mhina alikuwa mkubwa kuliko wote na hakuwahi kukosa. Alikalia debe mbele kabisa. Nilipoingia nilimwambia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akaondoa kofia yake kama mtoto wa shule, jambo lililonipendeza kuliko ilivyostahili.

Alipojua kuandika tarakimu zote, alikuja na kamba yake. Aliikunjua sakafuni, ikavuka banda zima na kurudi. Alinieleza nguzo, mafundo, lango. Alitaka kujua kama haya yote yanaweza kuandikwa.

"Yanaweza," nilimwambia. "Na yanapaswa. Fundo halisomeki, mzee."

"Mimi nalisoma."

"Unalisoma wewe peke yako. Ukifa?"

Hoja yangu ilikuwa ya kweli, na mpaka leo nasema ilikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa na hatia nyingine ambayo sikuisema. Mimi ni mtoto wa Handeni. Bibi yangu mzaa baba alipofiwa na mume alihesabu eda yake kwa kamba ya mafundo, akifungua moja kila siku, miezi minne na siku kumi, na hakukosea hata siku moja. Nilijua vizuri sana kwamba fundo husomeka. Chuoni nilijifunza kuona haya juu ya vitu kama hivyo, na haya ile nikaiita elimu.

Tulifanya kazi ile kwa majuma matatu. Nilikata kingo nyeupe za magazeti ya zamani kuwa vipande vidogo. Mhina alisoma kamba kwa vidole, fundo kwa fundo, kisha akaandika kwa mkono wake: "Mashariki, 3 na 4." "Mashariki, 14 na 15." Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na uliopinda, na alitoa ulimi nje alipoandika. Gundi hatukuwa nayo. Bibi Mashavu alitupikia uji mzito wa muhogo, tukapaka, tukabandika kila karatasi kwenye jiwe lake. Mawe yote yalikuwa mia moja na kumi na saba.

Siku ya mwisho Mhina akaniuliza: "Mwalimu, si tuandike na kwenye daftari moja? Hii ikipotea, ile ibaki."

Kabatini nilikuwa na daftari arobaini mpya.

"Daftari hizi ni mali ya umma," nilimjibu. "Zimetolewa kwa ajili ya masomo. Siwezi kutoa hata moja kwa shughuli ya mtu binafsi."

Tatu, mke wa mchungaji mmoja, mwanamke mwenye ulimi, alidakia kutoka nyuma: "Basi mpe la kwangu, mwalimu. Mimi tangu mwezi wa tatu naandika 'baba' na 'kaka' tu. Kina baba na kina kaka wamenijaa humu hawana hata pa kukaa. Watapishana na mawe."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba hata la Tatu ni mali ya umma mpaka atakapofuzu, na kwamba Mzee Mhina akienda Korogwe anunue la kwake pale Manundu. Alikwenda mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na daftari madukani. Wakati ule nilijiona mtu mwaminifu. Nimeona watu wakiiba magunia ya mahindi ya kijiji bila kupepesa jicho, na bado naamini kwamba mtumishi asiye mwaminifu katika karatasi hatakuwa mwaminifu katika gunia. Lakini kurasa nne za daftari, ambazo zingetosha mawe yote, hazingeiba chochote kwa mtu yeyote. Kitu pekee nilichokilinda ni sifa yangu.

Kisha ikaja siku ya kufuzu. Wageni walikuja kutoka wilayani, na nilitaka waone jambo litakalowakaa moyoni. Nilimwomba Mzee Mhina asimame mbele yao na kamba yake, ambayo sasa haikuwa na mawe, afungue mafundo yote, kisha aandike jina lake ubaoni. Nilieleza kwamba huo ndio mfano wa kuuaga ujinga.

"Yote, mwalimu?"

"Yote, mzee. Si tumeshayaandika?"

"Tumeshayaandika," alisema.

Mafundo yalikuwa ya miaka kumi na tano na yalikuwa yamekaza. Alifungua kwa kucha, mengine kwa meno. Ilichukua karibu nusu saa. Mwanzoni watu walipiga makofi kila fundo lilipofunguka, baadaye wakachoka, ikabaki sauti ya ndama kwenye zizi. Bibi Mashavu, aliyekuwa akiidhihaki kamba ile kila siku, aliinuka akatoka nje. Nilidhani anakwenda kuangalia chakula. Mhina alipomaliza aliandika jina lake vizuri kabisa, na wageni wakasimama. Kamba tukaitumia kufungia ubao.

Mwaka 1974 watu wa vitongoji vyote walihamishiwa kijiji kimoja, na kijiji kikapewa upande wa mashariki wa ranchi kwa ajili ya shamba la pamoja. Uzio ukang'olewa. Nguzo za mpingo haziozi wala haziliwi na mdudu, na kila mtu alitaka mbili tatu za kujengea. Kwa muda wa juma moja tu uzio wa Mhina ukawa milango, ukawa mazizi, ukawa nguzo za ofisi ya kijiji. Yeye mwenyewe alisaidia kung'oa. Nilimwuliza kama haoni uchungu.

"Nguzo ni mti tu," alisema. "Mawe yameandikwa."

Nyumba yake mpya ilijengwa haraka kama zilivyojengwa zote, miti mibichi, udongo, sakafu ya mavumbi. Mawe aliyaweka katika kisanduku cha mbao cha sabuni, chini ya kitanda.

Mwezi wa kumi ikatangazwa kwamba trekta litakuja kulima chini ya Kwemkole kabla ya vuli. Mhina alikuja kwangu mbio, mtu wa miaka zaidi ya hamsini.

"Andika, mwalimu," alisema. "Sasa ndiyo siku ya kuandika."

Niliandika barua Dar es Salaam kwa mtaalamu wa mambo ya kale, Bwana Yordani, ambaye jina lake nililipata kwa rafiki niliyesoma naye. Nilieleza mawe yalivyo na jinsi kila moja lilivyoandikwa lilipotoka. Alikuja mwenyewe, kijana mpole, na kabla ya kuja kwetu alipita wilayani. Viongozi walimsikiliza. Walisema eneo kubwa hawawezi kuliacha, maana watu watakula nini, lakini akiwaonyesha mahali hasa penye kustahili kuachwa, hata ekari mbili, wataagiza trekta lipitie kando. Wakampa siku tatu. Sikuona kosa katika maneno yao, na silioni hata sasa.

Tuliketi barazani kwa Mhina. Alikuwa amevaa kanzu. Alikitoa kisanduku uvunguni, akakiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili. Alipokiinua kukisogeza karibu zaidi, kitako kikabaki chini.

Mchwa walikuwa wamekila. Walianza na mbao, wakafika kwenye karatasi, na kwa kuwa karatasi zilipakwa uji wa muhogo walizila zote, wakalamba mpaka jiwe. Mawe mia moja na kumi na saba yalikuwa yamelala katika vumbi jekundu, safi kama yaliyotoka kuoshwa. Tulitafuta. Tulipata kipande kimoja cha karatasi, ukubwa wa ukucha, chenye herufi "Ma".

Bwana Yordani hakukasirika. Aliinua jiwe moja, akalitazama kwenye mwanga, nikaona uso wake ukibadilika kwa jinsi lilivyokuwa zuri.

"Hili lilitoka wapi, mzee?"

Mhina alilipokea, akaligeuza, akalipitisha kwenye kiganja. Akafumba macho. Vidole vyake vilianza kucheza hewani kana kwamba vinatafuta kitu cha kushika, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akalirudisha.

"Nilikuwa nayajua kwa kamba," alisema. "Nilipoona yameandikwa, nikayaacha yatoke kichwani."

"Kamba iko wapi?"

Mhina alipangusa vumbi kwenye kanzu. Hakunitazama. Nilijibu mimi, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona haya kwa jambo lililostahili kuonewa haya.

Siku tatu tulitembea. Lango halikuwepo, hata mashimo ya nguzo yalikuwa yamefukiwa na mvua, na nyasi zilikuwa zimechomwa kutayarisha shamba. Kilima cha Kwemkole kina upana wa karibu maili mbili kwa chini, na mtu aliyezoea kutembea akishika waya mkono wa kushoto, mwondolee waya, ni mgeni kama wageni wengine. Mhina alihesabu hatua. Alirudi, akahesabu tena. Alisema, "Hapa," kisha akasema, "Hapana, pale penyewe palikuwa na kichuguu." Bwana Yordani alichimba mashimo manne alipoelekezwa. Akapata udongo. Siku ya tatu jioni alituaga kwa heshima, akasema hawezi kutia sahihi yake kwenye jambo asilolijua.

"Mzee," alimwambia Mhina, "si kosa lako."

"Najua," Mhina alisema. Ndiyo lawama pekee niliyowahi kuisikia kutoka kwake, na ilikuwa ya neno moja.

Trekta lililima siku tano. Siku ya nne Mhina alifika darasani wakati nafundisha, akasimama mlangoni, kofia yake imejaa mkononi. Alikuja mpaka mezani, akaimwaga. Vilikuwa vigumba na vipande vya vigumba, vingi vimevunjwa upya na plau. Ndani yake mlikuwa na mfupa mdogo, mweusi kwa uzee, ambao sikuugusa.

"Nimepaona, mwalimu," alisema. "Ni palepale. Palikuwa na kichuguu."

Nikamwambia twende kwa viongozi, bado nafasi ipo. Akatikisa kichwa. Plau lilikuwa limekwishapita mara mbili. Alisema kilichokuwa chini sasa kiko juu, na kilichokuwa huku sasa kiko kule, na hakuna mtu atakayekiweka tena kilivyokuwa. Kisha akaniachia mawe yote, haya na yale mia moja na kumi na saba. "Uliyaandikisha wewe," alisema. "Kaa nayo."

Alilima shamba la kijiji kama wenzake, na aliendelea na kisomo mpaka akasoma gazeti. Lakini hakuinama tena. Niliwahi kutembea naye baada ya mvua kubwa, nikaona jiwe jeupe liking'aa njiani mbele yetu. Aliliona kabla yangu, maana macho yake hayakuwa yamezeeka. Akaliruka, akaendelea kunieleza habari za mahindi.

Alifariki mwaka 1981, wakati wa masika. Wakati ule nilikuwa nimehamishiwa Kerenge, na habari zilinikuta siku tisa baada ya maziko. Nilikwenda siku hiyohiyo na kopo la mawe, nikiwa na nia ya kumrudishia mjane. Bibi Mashavu alikuwa anakaa eda, kwa hiyo nilisimama uani nikatoa pole kupitia mlangoni, naye akaitikia kutoka ndani, sauti yake ile ile. Nikamwambia nimeleta mawe ya mzee.

"Ya nini, mwalimu? Wa kupikiwa hayupo."

Hapo ndipo nilipoiona. Kwenye mwimo wa mlango, upande wa ndani, ilining'inia kamba ya katani iliyojaa mafundo kutoka juu karibu mpaka chini, na ncha yake ya chini ilikuwa wazi, mafundo tisa yameshafunguliwa. Upepo uliisukuma nje kidogo ya mlango, nami nikanyoosha mkono kuirudisha ndani isichafuke.

"Mwalimu," Bibi Mashavu alisema kutoka gizani, taratibu. "Hiyo usinifungulie."

Nikaurudisha mkono. Nilisimama pale uani mpaka jua likanichoma, kisha nikaondoka na kopo langu.